Hao "wakazi" waliomaliza miale ya Budongo, mmoja ni mimi

Mhariri,

Gazeti lenu hunifikia limechelewa na limekunjamana. Huniletea utingo mmoja, kijana wa hapa kwetu anayefuatana na malori ya mahindi hadi Kenya. Hunikusanyia nakala za safari nzima kwa sababu anajua bibi yake anapenda kusoma, na anajua pia kwamba nikishamaliza nitafungia mandazi. Kwa hiyo msishangae nikijibu leo habari mliyoitoa siku nyingi. Ilihusu msitu wetu wa Budongo, hapa magharibi mwa Uganda. Mlieleza kwamba wakazi wa pembezoni mwa msitu walikata aina fulani ya mtende hadi ukaisha, sokwe wakakosa madini waliyokuwa wakiyapata humo, wakageukia mavi ya popo, na katika mavi hayo wanasayansi wakakuta virusi 27 ambavyo havikuwa vikijulikana, kimojawapo kikiwa cha ukoo mmoja na kile kilichotufungia majumbani wakati wa korona.

Habari ni ya kweli. Mjukuu wangu, anayesomea misitu katika chuo cha hapa Nyabyeya, aliitafuta kwa Kiingereza kwenye simu akanitafsiria jioni mbili mfululizo, hadi bando likakata. Sina ugomvi na wanasayansi. Ugomvi wangu ni na hilo neno "wakazi", mlilolitupia katikati ya sentensi kisha mkapita. Wakazi hao wana majina, walikuwa na madeni, na baadhi yetu bado tuna vidole visivyonyooka. Mmoja ni mimi.

Nina miaka 66. Nilizaliwa Sonso, ndani ya msitu wenyewe, kwenye nyumba za wafanyakazi wa kiwanda cha mbao. Baba alitoka Mahagi, upande wa Kongo, akiufuata msumeno. Jirani wa kulia alikuwa Mlugbara, wa kushoto Mnyoro, na aliyetazamana nasi alikuwa Mkongo aliyetoka mbali, hata kijiji chake sikupata kukijua jina. Hakuna aliyejua lugha ya mwenzake, basi Kiswahili kikatuuzia chumvi, kikatugombanisha na kutupatanisha. Huko Kampala ukiongea Kiswahili bado yupo mzee atakayekutazama kama umeficha bunduki, kwa kuwa kwake hiyo ni lugha ya askari. Sisi huku tumekinyonya pamoja na maziwa. Kiwanda kikafa, nyumba zikaota nyasi, hadi mwaka 1990 Mwingereza Vernon Reynolds, aliyekuja Budongo kutazama sokwe kwa mara ya kwanza mwaka 1962, aliporudi na kuanzisha pale kituo cha utafiti. Mahali mama alipokuwa akianika mihogo, leo vijana wanaanika mabuti yao wakitoka kufuata sokwe.

Na huo mti mliouita mtende, hauzai tende hata moja. Kiswahili kina jina lake: mwale, na ikiwa mingi ni miale. Huota penye maji, mabondeni na kando ya vijito, na jani lake moja laweza kuwa refu kuliko nyumba na jiko vikiunganishwa. Mwale huzaa mara moja tu maishani. Hukaa miaka mingi ukijikusanya, kisha unatoa vichala vya matunda yenye magamba kama ya kakakuona, na baada ya hapo unakufa umesimama, shina likioza polepole.

Sisi hatukuwa na haja na shina. Tulitaka jani la katikati, lile changa ambalo bado limefumba kama mwavuli. Ukilichana na kubandua utando wake unapata ukamba mweupe, mwembamba, usiokatika hata ukilowa. Na kulowa ndiyo ilikuwa kazi yetu, kwa sababu tulilima tumbaku.

Majani ya tumbaku yanaletwa asubuhi kutoka shambani yakiwa bado na umande. Wanawake na watoto tunakaa chini ya mwembe, ufito mbele ya kila mmoja, tunafunga majani kwa ukamba huo mawili mawili, matatu matatu, upande huu na upande huu, hadi ufito ujae. Kisha wanaume wanazipandisha fito kwenye bani, banda la kukaushia tumbaku. Bani letu lilibeba fito zaidi ya 300. Jani bichi la tumbaku lina utomvu unaonata, na mikono inakuwa myeusi kama ya fundi wa gereji. Sabuni haifui dafu, tulisugua kwa majivu na ndimu. Usiku unatapika na hujala kitu kibaya. Rozi, binti yangu wa mwisho, alikuwa darasa la tano na alifunga upesi kuliko mimi. Siku za kufunga hakwenda shule. Hilo nalo mkitaka kuliandika, andikeni.

Mbegu ilikuwa ya mkopo. Mbolea ya mkopo, dawa ya wadudu ya mkopo. Siku ya soko kampuni inapima yenyewe, inapanga gredi yenyewe, inakata chake kwanza, na kinachobaki ndicho chako. Kuna mwaka nilirudi nyumbani na hela ya kilo mbili za sukari pamoja na deni la msimu uliofuata. Kamba peke yake haikuwa kwenye orodha ya mkopo. Kamba tulijitafutia. Ya dukani ilikuwa na bei, ya msituni haikuwa na bei. Mhariri, mwale uliishia hapo, kwenye karatasi ya mkopo, kabla shemeji yangu hajanoa panga.

Shemeji huyo, mdogo wake marehemu mume wangu, ndiye aliyekuwa akiingia msituni. Mwanzoni alikata karibu na barabara na kurudi chai ikiwa bado ya moto. Baada ya misimu mitatu akawa anaondoka alfajiri na kurudi magharibi, na mzigo wenyewe unabebeka kwapani. Hatukujiuliza. Ilikuwa ile miaka ya kati ya 2006 na 2012, kila nyumba ilikuwa na bani, hata waliokuwa wakilima maharage tu. Tulisema miale imehama, kama watu wa ziwani wanavyosema samaki wamehama. Ukikata jani la moyo la mwale mchanga kila mwaka, haukui. Usipokua hauzai, na usipozaa haufi kile kifo chake cha kuacha shina la kuoza.

Jirani yetu mmoja alikuwa ameajiriwa na kituo, kazi yake kufuata sokwe na kuandika daftarini wanachokula. Akatuambia kwamba sokwe wanatoboa mashina ya miale iliyokufa, wanachomoa moyo uliooza, wanautafuna na kutema makapi kama mtu anayekula muwa. Tulimcheka hadi tukashika mbavu. Shemeji akamuuliza kama wanateremshia na chai. Mwaka 2009 watafiti wakachapisha jibu: moyo wa mwale uliooza una sodiamu nyingi, na ndani ya msitu sodiamu ni adimu. Kwa maneno ya jikoni, sokwe walikuwa wanatafuta chumvi. Jibu hilo lilipita juu ya vichwa vyetu kama ndege inayokwenda Entebbe. Sisi tulikuwa bado chini ya mwembe tunafunga.

Laiti mtu angetutamkia hilo neno chumvi! Mwanamke wa Bunyoro hahitaji semina kuhusu chumvi. Kule Kibiro, ukingoni mwa Ziwa Albert, kwa mamia ya miaka wanawake wamekuwa wakikwangua udongo kwenye chemchemi za moto, wakiuchuja na kuchemsha maji yake hadi chumvi ibaki chunguni. Mama yangu aliendelea kununua ya Kibiro hata ya dukani ilipojaa, akidai ya dukani haina jasho. Mbuzi wangu wakikosa chumvi hulamba ukuta wa jiko hadi tofali linachimbika. Wajawazito wetu hununua udongo sokoni Masindi wakautafuna kimyakimya, wakidhani mama wakwe hawaoni. Ungeniambia kwamba sokwe anafuata gogo bovu kwa ajili ya chumvi, ningekuelewa hujafika nusu ya sentensi, na pengine ningetafuta kamba nyingine. Nasema pengine. Deni lilikuwa pale pale.

Kilichofuata mlikiandika, ila mbiombio. Miale ilipoadimika sokwe wa Sonso walizidisha kula udongo, jambo ambalo watafiti waliliandika mwaka 2015. Kisha mwaka 2017 mtafiti mmoja akawaona kwenye mti mkubwa wenye uvungu, wakichota kitu mle chini na kukila. Zikawekwa kamera zinazojiwasha mnyama akipita. Uvungu ulikuwa makao ya popo wadogo, wale wanaokula wadudu, na kilicholiwa ni mavi yao. Kamera zilinasa zaidi ya mara 800 wanyama wakija kujipatia, na sokwe hawakuwa wateja wakubwa hata kidogo: funo ndio walioongoza, na mbega nao waliteremka kutoka huko juu wanakoringa. Mavi yalipopimwa yalikutwa na sodiamu, potasiamu, magnesiamu na fosforasi. Duka la chumvi, muuzaji popo. Ndipo virusi navyo vikatafutwa, na matokeo yakatoka Aprili 2024.

Utafiti ule haukusema kuna sokwe aliyeugua. Haukusema kuna mtu aliyeambukizwa. Ulionyesha kwamba mlango umefunguka, na nani aliusukuma. Kwenye ukurasa wenu kichwa cha habari kilikuwa kikubwa kuliko mlango wenyewe.

Hofu naijua, msinifikirie kwamba naidharau. Mwaka 2000 Ebola ilipozuka Gulu ilifika hadi Masindi. Siku hizo tuliacha kupeana mikono, na huku kwetu mtu asiyekupa mkono ni kama amekutukana mama yako. Mazishi yalikuwa ya kutazama kwa mbali. Basi habari yenu iliposomwa kwa sauti kwenye kibanda changu cha mandazi, kijana mmoja wa bodaboda akasema dawa ni moja tu, petroli: twende tukauchome huo mti na popo wake, na wale wa darini kanisani pia. Wenzake wakaitikia, mmoja akaanza hata kuchangisha.

Aliyewatuliza ni mhudumu wa afya wa kijiji, kwa kisa cha Kitaka. Kule magharibi, mwaka 2007, wachimbaji wa mgodi wa Kitaka waliambukizwa Marburg, homa kali ya ukoo wa Ebola, na popo wala matunda waliokuwa wakiishi mgodini. Popo wakauawa kwa maelfu, matundu yakazibwa, watu wakapumua. Mwaka 2012 Marburg ikazuka tena, safari hii Ibanda, si mbali na hapo. Watafiti waliporudi mgodini wakakuta popo wameanza kurejea, wachache kuliko zamani, lakini kwa uwiano wenye virusi walikuwa zaidi ya maradufu ya wale waliouawa. Nyumba ikibaki tupu huingia wapangaji wapya, na wengi wao ni vijana ambao bado hawajaugua. Yule wa bodaboda akanyamaza. Akanunua andazi, kisha akaomba la pili kwa mkopo. Sasa nauliza: mistari minne ya Kitaka isingepata nafasi kwenye habari yenu? Mlikuwa na picha ya popo ya nusu ukurasa.

Na maradhi hayana njia ya upande mmoja. Kanyawara, katika msitu wa Kibale, mwaka 2013 sokwe walishikwa na kikohozi, na kati ya 56 wakafa watano. Kirusi kilikuwa ni kile kinachowapa watoto wetu kamasi. Sokwe hawana gazeti, la sivyo nao wangeandika kuhusu wakazi.

Nirudi kwa baba, kwa sababu yeye ndiye aliyenifanya nilichukie neno hilo. Miaka ya 1960 kwa kipindi fulani alitolewa kwenye msumeno akapewa shoka na ndoo ya dawa iliyochanganywa na dizeli. Kazi yake ilikuwa kuichanja miti aliyoonyeshwa na kuimiminia dawa, ife imesimama. Wakubwa wa misitu wa wakati ule waliamini kwamba mti wa maana ni mkangazi, hiyo mahogani inayouzika, na kwamba muhimbi na mikuyu ni magugu makubwa tu yanayouibia jua. Baba aliua mikuyu mingi. Alikuwa mtu wa kazi safi, hakuacha mti ukiwa nusu hai. Leo ukimuuliza mtu yeyote wa kituo sokwe wa Budongo wanakula nini, neno la kwanza ni mikuyu. Siku moja, zamani kidogo, nilikuwa nimepeleka mayai kituoni nikamsikia mtu akiwaeleza wageni kwamba mikuyu ya upande fulani iliuawa na wafanyakazi wa kiwanda. Baba, yaani. Aliyechanganya ndoo hakutajwa, wala aliyeichora ramani.

Msitu wenyewe haukumtii mtu. Mtaalamu Eggeling aliandika mwaka 1947 kwamba Budongo ukiachwa muda mrefu, muhimbi huelekea kutawala na aina za miti hupungua. Miaka ya 1990 Andrew Plumptre na Reynolds walipohesabu, wakakuta sehemu zilizowahi kukatwa mbao zina miti mingi ya matunda, na kima na mbega wengi kuliko sehemu ambazo hazikuguswa. Msije mkachapisha kwamba Mama Rozi anataka msumeno urudi. Ninachosema ni kwamba wenye shahada walikosea na baba alikosea, kosa moja, siku moja, na bado alipokufa lawama yote ilikuwa imelala kwenye shoka lake.

Kwenye mitego ya waya sina pa kujificha. Shemeji huyo huyo alitega. Alikuwa anatafuta funo na nguruwe pori. Sokwe sisi hatuli. Lakini waya haubagui, na takriban sokwe mmoja kati ya kila wanne au watano wa Sonso ana mkono au mguu uliolemaa kwa tanzi. Dume mmoja, ambaye watafiti walimpa jina la Tinka, mikono yake yote miwili ilikuwa karibu imepooza. Hakuweza kujikuna. Alichofanya ni kuvuta mmea unaotambaa, akaukaza kwa mguu, akajisugua nao kama mtu anayejifuta mgongo kwa taulo. Vijana wa kundi wenye mikono mizima wakamwona, nao wakaanza kujikuna hivyo hivyo. Catherine Hobaiter na Richard Byrne waliyaandika hayo mwaka 2010. Nilipomsimulia shemeji, alikaa kimya hadi uji ukapoa. Wiki hiyo waya zake zote akaziuza kwa mnunuzi wa chuma chakavu. Simsifu sana, goti lilikuwa limeshamshinda, na kutega kunataka kuinama.

Halafu kuna utafiti wa pili wa mwaka uleule wa 2024, mwezi Juni, msitu uleule, ambao kwenye nakala zangu sikuuona. Elodie Freymann na wenzake waliwafuata sokwe wanaoumwa, wakachukua majani na magome waliyokuwa wakiyala, wakayapeleka maabara. Sampuli zilikuwa 17, za aina 13 za mimea, na asilimia 88 ya dondoo zilizokamuliwa humo zilizuia bakteria kukua. Dume mmoja aliyeumia mkono aliwaacha wenzake akaenda kutafuta kangaga. Magome ya mkangazi nayo yamo kwenye orodha. Mama mkwe wangu alikuwa akituchemshia magome hayo hayo tukipata homa, machungu kiasi kwamba homa yenyewe ilikuwa afadhali. Nilicheka peke yangu jikoni. Hiyo nayo ni habari ya Budongo, ila haina mtu wa kunyooshewa kidole. Labda ndiyo sababu haikupata ukurasa.

Kwenu ninyi ninaomba nusu sentensi. Siku nyingine mkiandika kwamba wakazi walikata, ongezeni walikata wakifunga nini, na kilikwenda wapi. Tumbaku ile haikuvutwa Nyabyeya. Huku mzee akipata sigara moja anaizima katikati aje aimalizie kesho. Watafiti wenyewe waliitaja tumbaku na soko lake la ng'ambo, mjukuu alinionyesha mstari kwa mstari. Mahali fulani kati ya simu yake na gazeti lenu soko likapotea, likabaki panga.

Watafiti nao wasicheke. Katiba yetu tangu mwaka 2005 inakitambua Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili, na hapa Nyabyeya ni cha kwanza kwa miguu yote miwili. Najua kituo kinatoa vijana wa kuondoa mitego, na najua wapo wawindaji waliopewa mbuzi ili waache kutega. Mmoja wa mbuzi hao alikula kanga yangu. Lakini karatasi ya watafiti ya 2009, ile ya sodiamu, ingeweza kusomwa kwa mwenyekiti wa LC, yaani baraza la kijiji, dakika kumi tu, kwa Kiswahili, na mtu akasema neno moja, chumvi. Kibanda changu kinatosha watu 12 wakibanana. Waje hata kwa karatasi za mwaka huu, chai nitapika mimi.

Jambo la mwisho ni la biashara, ingawa sitaki hela. Nyuma ya nyumba yangu, kijito kinapopinda, umebaki mwale mmoja. Sikuuhurumia, msidhani hivyo. Umeota karibu na kaburi la mume wangu na shemeji aliogopa kupeleka panga pale. Ulitoa vichala miaka kadhaa iliyopita, na mwaka huu matunda yameanza kukomaa, mamia kwa mamia. Mjukuu anasema mbegu zake ni vivu, zinaweza kukaa miezi kabla ya kuchipua, na zinataka kivuli na maji. Anayezitaka, awe kituo, chuo au mkulima mwenye bonde, aje kabla ngedere hawajazimaliza, na aje na gunia lake, kwa sababu langu ni moja na lina mahindi. Shina silitoi. Likishakufa sitalipasua kuni, nitaliacha lioze linavyotaka, na mbuzi nimeshawahamishia upande wa pili wa boma.

Mama Rozi
Nyabyeya, Masindi
Uganda